Mezani Kiswahili Tu

Mimi ndiye ninayegawa.
Kifuani nimebandikwa: Nakundwa Mbwambo,
na wakishasoma Mbwambo wanatulia. Mpare huyu.

Ukumbi ni wa harusi, juu ya duka la vipuri, Moshi,
maputo ya jana bado yananing'inia
na HONGERENI imebaki HONGE.
Meza sita za kijani, kiingilio laki moja,
miwani ya jua saa tatu usiku.

Kabla ya kugawa huwa nawasomea kanuni:
simu chini, karata juu ya meza,
chipu kubwa zisijifiche nyuma ya ndogo,
mezani Kiswahili tu.
Wanaitikia kama watoto wa kipaimara,
midomo hapa, macho dirishani.

Nimewaona wa kila namna.
Yupo anayeinua chipu kama anaingia,
amsome jirani usoni, kisha azirudishe:
"Nilikuwa najikuna."
Yupo mwalimu wa hesabu, juzi, aliyeshika ree mbili,
akashika tama dakika nne nzima,
akamwacha binti wa duka la dawa
anyooshe mikono yote kulikumbatia rundo,
ndipo akafunua moja.
Akanywa maji.
Akafunua ya pili.
Kanuni haikumkataza.
Binti alisema, "Asante, mwalimu,"
nami nikachanga karata kwa kelele
kuliko ilivyohitajika.

Lakini leo ni ndugu wawili, Aminieli na Ndesario,
na katikati yao Loserian, fundi redio wa Ngaramtoni,
aliyekuja na laki ya mkewe
na tiketi ya basi ya kurudia.
Karata mbilimbili nimeshagawa.
Ndesario akakohoa, akasema kitu kidogo,
kama mtu anayeomba kupitishiwa chumvi.
Kimachame.
*Nina wazungu wa nne wawili. Mpandishie, tumbane katikati.*
Aminieli akapandisha.

Wasilolijua:
baba alinipa ubini, akaondoka na lori la saruji.
Aliyenilea ni bibi mzaa mama, Uswaa, migombani,
na lugha ile niliisikia kwanza
ikiniuliza nani kavunja chungu.
Sijawahi kudanganya ndani yake.
Nilijaribu mara moja, nikiwa na miaka sita.
Fimbo ilikuwa ya mkahawa.

Mkono wangu ukaganda juu ya karata.
Chini ya kisahani changu cha chai ipo elfu ishirini
ya Aminieli, imekunjwa mara nne.
Loserian anapiga hesabu, midomo inacheza,
amesahau kupepesa.

Nikasema, kwa Kimachame, polepole,
kwa sauti ambayo sikujua ninayo:
*Nani kavunja chungu?*

Ndesario akageuka kama aliyeitwa na marehemu.

Meneja akaja akijifuta mafuta ya kuku.
"Nilimuuliza kama gari amefunga," akasema Ndesario.
"Gari, kweli," akasema Aminieli.
Ushahidi? Masikio yangu.
Karata zikafunuliwa: wazungu wa nne, wa kopa na wa uru.
"Kuwa nao si kosa," wakasema kwa pamoja,
Kiswahili safi, cha redioni.
Meneja akaamua: mchezo huu umekufa,
chipu zirudi zilikotoka,
ndugu hawa wakae nje mizunguko miwili.

Nikamtazama Loserian nikingoja, nini? Shukrani?
Akazilaza karata zake uso juu.
Ree ya shupaza. Ree ya pau.
"Walikuwa wananiletea wenyewe," akasema, "wote wawili.
Dada, nani alikuomba?"

Meza nzima ikaguna.
Mwalimu wa hesabu, meza ya jirani, akacheka peke yake.

Nilizikusanya. Zile ree zilikuwa na jasho.
Nikachanga mara saba, nikapoteza hesabu, nikaanza upya.
Elfu ishirini bado iko chini ya kisahani,
na chai imepoa juu yake.

"Kata," nikamwambia Loserian.
Akakaa kidogo.
Akakata.